Mwalimu Aliyejua Kila Harufu

Wanafunzi walimwita Mama Pua. Walimwita hivyo kwa siri, lakini ilikuwa siri ya wanafunzi, yaani chuo kizima kilikuwa nayo, na yeye mwenyewe alikuwa ameizoea. Alifundisha kemia ya kaboni. Alikuwa mfupi, mwendo wake wa haraka, koti lake jeupe limekunjwa mikono mpaka kwenye viwiko, na akisimama mlangoni mwa maabara aliweza kusema ni chupa gani imeachwa wazi na nani wa kuulizwa. Kuna mwaka alisimamisha mtihani katikati kwa sababu alisikia harufu ya etha inayovuja kwenye kabati la chumba cha jirani. Kuna mwanafunzi aliyepitia kilabuni asubuhi akapiga vikombe viwili vitatu vya pombe. Alirudishwa bwenini kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo siku ya mmenyuko wa aldoli hakuna aliyekuwa na shaka na pua ya mwalimu, na yeye mwenyewe ndiye asiyekuwa na shaka hata chembe.

Aliipenda kazi hiyo kuliko zote za muhula. Alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba mmenyuko huu hauna unafiki, ukifaulu unaonekana. Unachukua asetoni, ile ile ya kufutia rangi ya kucha, na benzaldehidi, mafuta meupe yenye harufu kali ya lozi chungu. Unavichanganya, unavimimina kidogo kidogo kwenye spiriti yenye magadi makali, chupa ikiwa imekaa kwenye maji ya baridi, huku unakoroga. Magadi yanainyang'anya asetoni hidrojeni yake moja, asetoni inabaki na upweke na kuidaka benzaldehidi iliyo karibu, maji yanatoka, halafu upande wa pili unafanya vivyo hivyo. Majimaji yaliyokuwa meupe yanageuka manjano, na baada ya dakika chache chembe za manjano zinaanza kushuka kama mvua ya unga.

"Msiharakishe," aliwaambia asubuhi hiyo. "Mkimwaga yote kwa pamoja mtapata tope. Na benzaldehidi ikigusa nguo, leo hamtapata wa kukaa naye meza moja."

Wakacheka. Bwana Stoo, fundi wa maabara, alikuwa amekwisha kugawa chupa, na kazi ikaanza. Mashine za kukorogea zikawa zinavuma, barafu inagonga kwenye mabeseni. Mwalimu akazunguka meza kwa meza, akirekebisha hapa miwani, pale kibano.

Meza ya mwisho karibu na dirisha ilikuwa ya msichana waliyemwita Kasuku. Jina hilo hakulipewa bure. Alikuwa anaongea toka anapovaa koti mpaka anapolivua, na mara nyingi alikuwa anaongea huku mwenzake akifanya kazi. Mwalimu alipofika aliona chupa yao bado nyeupe pe, wakati meza nyingine mbili zimeanza kupata rangi. Akainama juu ya chupa, akavuta pumzi, akanyooka.

"Hamjaweka benzaldehidi," alisema.

"Tumeweka, mwalimu," Kasuku akajibu. "Sasa hivi tu tumemaliza nusu ya kwanza."

"Mmeweka asetoni peke yake."

"Hapana, mwalimu. Tulivichanganya kwanza, kama ulivyosema. Mwenzangu ndiye aliyepima."

Mwenzake akatikisa kichwa kukubali, lakini mwalimu hakumtazama. Kitu fulani kilikuwa kimempanda kichwani. Siku hizi kilimpanda upesi.

"Binti, mimi nimefanya kazi hii kabla wewe hujazaliwa," alisema, na sauti yake ilifika meza zote. "Ingekuwemo humu ningeisikia kutoka mlangoni. Msinidanganye mimi kuhusu harufu. Afadhali useme umesahau, kusahau si kosa. Uongo ndani ya maabara ni kosa."

Mashine zikawa zinavuma peke yake. Kasuku, ambaye siku zote alikuwa na neno la ziada mdomoni, alikauka. Akamtazama mwenzake, mwenzake akawatazama wa meza ya jirani, na wale wakatazama chini. Mwalimu akaona macho yanavyopita juu ya kichwa chake. Akadhani wanalindana.

"Mwalimu," Kasuku akasema taratibu, "harufu imejaa chumba kizima. Mimi kichwa kinaniuma toka tulipofungua chupa."

Akiwa bado anasema hivyo, chupa iliyo mbele yao ikabadilika. Kwanza ikawa kama maji yaliyodondoshewa tone moja la rangi, kisha rangi ikakolea mara moja, na pale chini, sumaku ya kukorogea inapozunguka, zikaanza kutimka chembe za manjano. Zikazidi. Majimaji yakawa mazito mpaka sumaku ikaanza kusuasua.

Mwalimu aliitazama chupa ile kwa muda ambao wanafunzi baadaye hawakukubaliana ulikuwa mrefu kiasi gani. Hakuna njia ya kupata manjano ile bila benzaldehidi. Hakuna. Angeweza kubisha na Kasuku mpaka jioni, lakini hakuweza kubisha na chupa. Akainama tena, safari hii pua yake karibu iguse kioo, kitu ambacho angemfukuzia mwanafunzi yeyote, na akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma.

Hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama kunusa maji, au kunusa ukuta.

"Endeleeni," alisema. Sauti ilitoka vizuri, jambo lililomshangaza. "Bwana Stoo, naomba uwaangalie."

Akatoka. Alikwenda mpaka stoo ya kemikali, akafunga mlango, akashusha chupa ya benzaldehidi kutoka rafu ya chini. Ilikuwa mpya, haijakaa hata mwezi. Akafungua, akanusa. Akafungua asetoni. Akafungua siki kali, akafungua chupa ya kahawia yenye ile dawa ya salfa ambayo wanafunzi walikuwa wakiikimbia kwa sababu inanuka kama mayai yaliyooza wiki nzima. Alisimama amezungukwa na vizibo, na chumba kilikuwa hakina harufu yoyote duniani. Akafungua amonia. Ikamchoma pua, machozi yakamtoka, na kwa kitambo kifupi moyo wake uliruka kwa furaha, mpaka alipokumbuka jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akilifundisha. Amonia haisikiki kwa kunusa tu. Inauma, kama pilipili jichoni. Aliyepoteza pua bado ataumwa.

Bwana Stoo alipomfuata alimkuta amekaa juu ya kasha la chupa, mikono juu ya magoti.

"Humu ndani kunanuka nini hivi, mwalimu?" aliuliza, akijifunika pua kwa kiganja. "Tutoke nje, jamani. Kumepasuka nini?"

Mwalimu alikuwa anajaribu kukumbuka kitu cha mwisho alichokisikia harufu, na hakukipata. Hilo ndilo lililomtia baridi. Mtu akipotelewa na kidole anajua siku. Yeye alipotelewa na kitu alichojulikana nacho chuo kizima, na hakujua hata mwaka.

Kabla ya saa ya kutoka alirudi maabara. Wanafunzi walikuwa wanachuja, karatasi zao zimejaa unga wa manjano unaong'aa. Akasimama mbele ya meza ya dirishani na kusema kwa sauti ile ile iliyofika meza zote, "Nimemwita mwenzenu mwongo. Alikuwa anasema kweli. Nimekosea, na ninamwomba radhi." Hakuna aliyewahi kumwona Mama Pua akiomba radhi, na walivyokaa kimya mtu angedhani wameletewa habari ya msiba.

*

Mumewe alikuwa mpima ardhi aliyestaafu, mtu mpole, mrefu, wa maneno machache. Watu walimwita Baba Pacha na mkewe Mama Pacha, kwa ajili ya watoto wao wawili waliozaliwa siku moja na sasa wanafanya kazi mbali, kila mmoja mji wake. Mwalimu alimkuta jikoni anakatakata vitunguu. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkewe akasimama karibu na ubao wa kukatia, akavuta pumzi. Hakusikia harufu yoyote.

"Umerudi mapema, Mama Pacha. Kuna nini?"

"Nifunge macho kwa kitambaa," alisema. "Halafu uniletee chochote chenye harufu, kimoja kimoja. Usiniambie ni nini."

Mumewe hakuuliza sababu. Baadaye mwalimu alilikumbuka hilo pia: hakuuliza. Alimfunga kanga machoni, akamkalisha, na akaanza kuleta. Mwalimu alisikia mlango wa kabati, kifuniko cha mkebe, hatua za mumewe. Kila mara kitu kilisogezwa chini ya pua yake na kila mara alisema, "Hamna." Alipofunguliwa macho, mezani palikuwa na kahawa ya unga, sabuni ya kufulia, mafuta ya taa, soksi ya mumewe, na samaki mkavu.

"Hata soksi?" mumewe alisema, akijaribu kutabasamu.

"Hata soksi."

Tabasamu halikukaa. Mumewe akavuta kiti, akakaa mbele yake, akashika mikono yake yote miwili, na mkewe akaona kitu ambacho hakukitegemea. Mume wake hakuwa ameshtuka. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kwa hiyo ni pua," alisema. "Ni pua tu."

"Tu? Ulidhani ni nini?"

Mumewe akageukia vitunguu.

"Baba Pacha. Ulidhani ni nini?"

Ikamtoka pole pole, kama mtu anayetoa mwiba. Alisema kwa muda mrefu sasa amekuwa akimwaga maziwa yaliyoganda kabla mkewe hajayaweka kwenye chai. Alisema marashi anayojipaka mkewe asubuhi yamezidi mpaka jirani aliwahi kuuliza. Alisema kuna siku mkewe aliwapikia wageni nyama iliyokwisha kuharibika na kuwasisitiza waongeze, na yeye akasingizia sufuria imeungua, akaenda kununua kuku. Mkewe alikuwa anamkumbuka yule kuku. Alikuwa amekasirika siku hiyo kwa sababu ya yule kuku.

"Na gesi," mumewe akasema.

"Gesi gani?"

"Kabla hatujaweka jiko la umeme."

"Ulisema jiko la gesi linasumbua."

Mumewe akatazama mikono yao. "Nilirudi kutoka msikitini mchana. Nikiwa bado getini nikasikia. Nilikimbia. Ulikuwa umekaa hapa mezani unasahihisha mitihani, na koki ya jiko iko wazi, hakuna moto. Nyumba nzima imejaa. Nikafunga mtungi, nikafungua madirisha. Ukaniuliza kwa nini nafungua madirisha na vumbi linaingia. Nikasema nataka hewa."

Mwalimu wa kemia alisikia maneno hayo. Alikumbuka vumbi. Aliikumbuka sura ya mumewe, jinsi alivyokuwa anahema, na yeye akamtania kwamba uzee umemwingia, kupanda ngazi tatu tu anatweta. Alikuwa amekaa katikati ya gesi, mtu ambaye alikuwa akiwafukuza wanafunzi maabara kwa kuwasha kiberiti, na kiberiti chenyewe kilikuwa mezani, kando ya kikombe cha kalamu.

"Na hukuniambia," alisema.

"Nilidhani umesahau kuzima. Nilidhani imeanza, kama mama yako."

Mama yake, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akiwauliza wanawe wao ni watoto wa nani. Mwalimu alijifunza kumjibu bila kulia. Hofu ya kuishia kama yeye hakuwahi kuitaja kwa mtu yeyote, na kumbe ilikuwa imekaa na mumewe meza moja muda wote, inakula naye.

"Nani mwingine anajua?"

"Mdogo wako."

"Nani mwingine?"

"Watoto."

"Nani mwingine?"

"Mdogo wako alizungumza na mkuu wa idara yenu. Si kwa ubaya. Aliomba mwakani usipewe maabara, upewe madarasa tu. Mkuu alisema atalitafutia njia ya heshima."

Mwalimu akasimama. Akatembea mpaka dirishani, akarudi, akakaa tena, kwa sababu miguu haikuwa na pa kwenda. Watu wote aliowapenda walikuwa wamefanya kikao juu yake, wamelia, wamekubaliana, na kila mmoja alikuwa akimpigia simu kuuliza hali kwa sauti laini ambayo yeye aliidhania ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi. Ndiyo maana alishindwa hata kugomba.

"Akili yangu haijaenda popote," alisema mwishoni. "Niulize chochote."

"Najua. Naona sasa."

"Sitaki uone. Nataka unipeleke hospitali."

*

Daktari wa pua na masikio alikuwa kijana mchangamfu. Akammulika puani kwa kitaa, akasema ndani kuko safi, hakuna uvimbe wa nyama wala kamasi. Wengi hupoteza harufu baada ya mafua, akasema, na mara nyingine hurudi yenyewe. Kisha akauliza maswali mengine, juu juu, kama mtu anayejaza muda. Kichwa kinauma? Kidogo, asubuhi. Macho? Miwani imebadilishwa karibuni. Tabia?

"Tabia yangu ina nini?" mwalimu akauliza.

Daktari akamgeukia mume. Mume akajikuna shingo. Akasema siku hizi mkewe anakasirika upesi, na mambo mengine ambayo zamani yangemuumiza sana sasa hayamgusi. Hakulia kwenye mazishi ya shangazi yake. Alisahau siku ya kuzaliwa ya pacha na alipokumbushwa akasema sawa.

Uchangamfu wa yule kijana ukapungua. Akaandika picha ya kichwa, akasema ipigwe siku hiyo hiyo.

Jioni walikuwa wamekaa mbele ya daktari mwingine, mwanamke mzee mwenye vidole virefu, na ukutani kwenye taa kulikuwa na kichwa cha Mama Pacha, kimekatwa vipande kama mkate. Hakuhitaji kuelezwa. Nyuma ya paji la uso, pale ambapo kulitakiwa kuwe na kijivu kile kile cha kila mahali, kulikuwa na kitu cheupe, cha mviringo, kikubwa kama chungwa dogo.

"Uvimbe huu umekuwa nao miaka mingi," daktari alisema. "Pengine kumi. Unakua taratibu sana, ndiyo maana hujaona tofauti. Umekaa juu ya neva za kunusia na umezibana mpaka zimekufa. Si saratani, kwa ninavyouona. Lakini ukiachwa, macho ndiyo yanayofuata, na baada ya hapo…"

Miaka kumi. Mwalimu alijaribu kulipima hilo na akili ikakataa. Watu walikuwa wakimwita Mama Pua, na yeye alikuwa hanusi. Ile etha ilikuwa kabla. Yule mwanafunzi mlevi alikuwa kabla. Tangu hapo ni macho tu: chupa iliyo wazi aliiona, uso wa mwanafunzi mwenye hatia aliusoma, na sifa ya zamani ikafanya kazi iliyobaki. Hakudanganya mtu. Alikuwa wa kwanza kudanganyika.

"Ule ukali wangu," aliuliza, "nao ni wa huu uvimbe?"

"Inawezekana sehemu," daktari akasema.

"Si wote," mumewe akasema, na wakacheka wote watatu kidogo.

Usiku wa kuamkia upasuaji hakukuwa na mazungumzo marefu, lakini mchana uliotangulia mwalimu aliomba simu. Alianza na binti yake. "Mama yako hajachanganyikiwa," alisema, "nina kitu kichwani, nimekiona kwa macho yangu, kesho kinatolewa." Upande wa pili kukasikika kilio cha mtu aliyekuwa akiomboleza kabla ya wakati. Kijana wake alimwuliza swali lile lile mara tatu kama asiyeelewa lugha. Mdogo wake alisema, "Dada, nisamehe," hata kabla hajaambiwa. Mkuu wa idara aligugumia sana, na mwalimu akamwambia maabara yake aiache kama ilivyo.

Upasuaji ulikula siku nzima. Uvimbe ulitoka wote. Alipoamka alimtambua mumewe, akamwuliza kama amekula. Harufu haikurudi, na daktari alishasema isingerudi. Lakini siku ya tatu wodini alianza kulia kwa ajili ya shangazi yake aliyekufa miaka miwili nyuma, na muuguzi alipotaka kumwita daktari, mumewe alisema amwache, amwache alie.

Siku ya kutoka hospitali mumewe aliendesha gari pole pole, akikwepa kila shimo. Walifika nyumbani, akazima injini, wala hakuna aliyefungua mlango. Mwalimu alikuwa amefunga kitambaa kichwani, mikono mapajani. Kulikuwa na swali lililokuwa limemkaa kifuani tangu ile siku ya vitunguu.

"Kama nisingejua mwenyewe," alisema, "ungeninyamazia mpaka lini?"

Alitegemea aseme wiki ijayo. Alitegemea aseme nilikuwa natafuta siku nzuri. Mumewe alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mlango wa nyumba yao.

"Sijui," alisema. "Nafikiri mpaka mwisho."

Katika yote aliyoyaona, chupa ile, gesi, chungwa jeupe ukutani, hakuna lililomshtua kama jibu hilo, na namna lilivyosemwa, bila kujitetea. Mtu huyu angembeba hivyo, akimwaga maziwa na kufungua madirisha, kwa upole ule ule, mpaka amzike. Alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Alitaka kumpiga. Alitaka kumlalia begani. Hakufanya lolote, wala mumewe hakufanya lolote, na vioo vya gari vikaanza kuingia ukungu wa pumzi zao.

Walikaa hivyo mpaka jirani akaja kugonga kioo, akiwa na wasiwasi, kuuliza kama kuna msiba.

"Hakuna msiba, jirani," Baba Pacha alisema, akishusha kioo. "Tunaongea tu."